Libvirtd inapokufa kabla haijasimama

Umeandika virsh list --all, na badala ya orodha ya mashine pepe zako unajibiwa kwamba soketi ya libvirt haipo. Unaiwasha huduma, inakaa kidogo, inakufa. Unaiwasha tena, vilevile. Hapo mkono huanza kuwasha kufanya mojawapo ya mambo mawili: kuzima seva nzima na kuiwasha upya, au kuing'oa libvirt na kuisakinisha tena. Yote mawili yasubiri. La kwanza linaweza kuangusha mashine ambazo bado zinafanya kazi. La pili, hasa ukitumia apt purge, linaweza kuondoka na maelezo ya mashine zako yaliyomo kwenye /etc/libvirt.

Libvirtd ni msimamizi tu. Kila mashine pepe ni mchakato wake wa QEMU, unaoendeshwa kwa msaada wa KVM iliyomo ndani ya kerneli ya Linux tangu toleo la 2.6.20 la mwaka 2007. Libvirtd huuanzisha mchakato huo, huupa amri na kusikiliza majibu yake. Ikifa, mchakato unabaki: faili la huduma kwenye systemd limewekewa KillMode=process kwa makusudi, ili kifo cha msimamizi kisiwaburute wanaosimamiwa. Kwa hiyo anza kwa kuhesabu walio hai:

    pgrep -a qemu

Kila mstari unaorudi ni mashine inayopumua, na jina lake utaliona baada ya guest=. Nakili orodha hiyo mahali, utaihitaji mwishoni. Ikiwa mashine ya uhasibu na ile ya barua pepe zimo, watumiaji wenyewe hawajui kama kuna tatizo, nawe una nafasi ya kufikiri. Itumie kwanza kuweka nakala:

    sudo tar czf /root/libvirt-kabla.tgz /etc/libvirt /run/libvirt/qemu

Faili litakalotoka ni dogo, kwa sababu diski za mashine hazimo humo.

Hakikisha pia unajua ni huduma ipi hasa unayoihangaikia. Zamani libvirtd ilibeba kila kitu peke yake. Kuanzia mwaka 2019 kazi zake ziligawanywa kwa huduma ndogondogo: virtqemud kwa mashine za QEMU, virtnetworkd kwa mitandao, virtstoraged kwa hifadhi, virtnodedevd kwa vifaa vya seva, na nyingine. Fedora 35 na RHEL 9 zilihamia kwenye mpangilio huo mpya. Kwenye Debian 12 na Ubuntu 22.04 bado utakutana na libvirtd ileile ya zamani. Angalia yako:

    systemctl list-units --all 'libvirt*' 'virt*'

Ukikuta libvirtd na virtqemud zote zimewezeshwa, huenda umeshapata ugonjwa. Zimewekwa kwa namna ya kutovumiliana, ukiwasha moja systemd inaisimamisha nyingine, na kwa macho ya haraka inaonekana kama huduma inaanguka yenyewe. Hali hii huwapata sana wanaofuata maelekezo ya RHEL 7 kwenye mfumo mpya. Chagua upande mmoja, zima upande wa pili pamoja na soketi zake. Kuanzia hapa nitasema libvirtd. Kama yako ni virtqemud, badilisha jina, na kwa mambo ya mitandao, hifadhi au vifaa tazama huduma yake iliyotajwa hapo juu.

Imekufaje?

Swali la kwa nini huja baadaye. Kwanza jua namna ilivyokufa, maana kila namna ina njia yake:

    systemctl status libvirtd

Macho yako yaende kwenye maneno code= na status=. Ukikuta status=0/SUCCESS na huduma imeandikwa inactive, huna tatizo hata kidogo. Matoleo ya sasa huiwasha libvirtd kwa --timeout 120, maana yake baada ya sekunde 120 bila mteja wala mashine inayoendeshwa, inajifunga yenyewe. Soketi inabaki ikisikiliza, na ukiandika virsh list huduma inaamka. Nimeona watu wazima wakikesha wakiitibu libvirtd isiyoumwa, eti kila wakirudi kwenye kioo wanaikuta imelala. Kama hujatulia, andika systemctl status libvirtd.socket. Ikisema listening, nenda kalale nawe.

Namna ya pili ni code=exited yenye namba isiyo sifuri. Hapa libvirtd haikuanguka kwa maana halisi: ilisoma mipangilio, ikakuta jambo isiloliweza, ikaandika sababu na kutoka kwa adabu. Visa vingi vinavyoitwa "inakrashi" ni vya aina hii, na vinatibika kwa kusoma. Shida ni kwamba watu husoma mwisho wa logi badala ya mwanzo wake. Tazama mfano huu:

    libvirtd[1874]: Cannot read CA certificate '/etc/pki/CA/cacert.pem': No such file or directory
    systemd[1]: libvirtd.service: Main process exited, code=exited, status=6/NOTCONFIGURED
    systemd[1]: libvirtd.service: Failed with result 'exit-code'.
    systemd[1]: libvirtd.service: Scheduled restart job, restart counter is at 5.
    systemd[1]: libvirtd.service: Start request repeated too quickly.

Mstari wa mwisho ndio unaonekana wa kwanza ukifungua journalctl -xe, nao ndio watu huutafuta mtandaoni. Hauna habari yoyote. Unasema tu kwamba systemd imechoka: kwa kawaida huruhusu kuwashwa mara 5 ndani ya sekunde 10, kisha hukataa hata ukiomba kwa mkono. Mistari yote ya systemd[1] ni ya mlinzi wa getini anayeandika saa ambayo mtu ametoka, bila kujua alikuwa anaumwa nini. Hata neno NOTCONFIGURED lisikupoteze. Systemd imetafsiri 6 kwa kamusi yake ya jumla, ilhali kwa libvirtd yenyewe 6 ni tatizo la mtandao, yaani imeshindwa kufungua milango ya kusikilizia. Sababu iko kwenye mstari wa juu kabisa, uliosainiwa na libvirtd: cheti hakipo.

Kisa hiki kina historia. Mtu alitaka kusimamia seva kutoka kwenye kompyuta yake, akaongeza --listen kwenye /etc/default/libvirtd, au /etc/sysconfig/libvirtd kwa upande wa Red Hat. Nia yake ilikuwa TCP ya kawaida, poti 16509. Hakujua kwamba --listen huja na TLS ikiwa imewashwa, poti 16514, na TLS haisimami bila vyeti. Kwenye matoleo mapya --listen hiyohiyo hugongana na soketi za systemd, na libvirtd hugoma kwa ujumbe unaosema waziwazi kwamba haikubaliki pamoja nazo. Dawa ni kuiondoa --listen kabisa. Na kabla hujawasha libvirtd-tcp.socket mahali pake, jiulize kama unaihitaji: TCP isiyo na uthibitisho ni kumpa mamlaka ya root kila aliyeko kwenye mtandao wako. Njia ya SSH inatosha kwa ofisi nyingi na haitaki mipangilio mipya ya libvirtd:

    virsh -c qemu+ssh://jina@seva/system list

Kusoma logi kwa mpangilio unaofaa, yaani toka seva ilipowaka na bila makelele ya huduma nyingine, tumia:

    journalctl -b -u libvirtd -o short-precise --no-pager | less

Libvirtd ina tabia ya kuandika makosa kwa ngazi. Utaona "Driver state initialization failed", juu yake "Initialization of QEMU state driver failed", na juu ya hizo mbili ndipo kilipo kiini. Mara nyingi nimekuta kiini hicho kikiwa "Security driver selinux not enabled": kwenye /etc/libvirt/qemu.conf mtu alilazimisha security_driver = "selinux", kisha mwingine akaizima SELinux kwa sababu zake. Hapo hamna cha kuchimba zaidi, rekebisha mstari huo. Faili hilohilo la qemu.conf lina mipangilio ya user na group. Ukilinakili kutoka Fedora kwenda Debian litakuletea mtumiaji qemu mahali ambapo anaitwa libvirt-qemu.

Ujumbe "Failed to acquire pid file" maana yake kuna libvirtd nyingine iko hai, pengine uliyoiwasha mwenyewe kwa mkono ukaisahau kwenye dirisha jingine. Na "No space left on device" inajieleza, ila usiishie kwenye df -h. Angalia pia df -i, kwa kuwa diski inaweza kuwa na gigabaiti za kutosha huku imeishiwa nafasi za kusajili mafaili.

Ukikuta status=127, hebu tuliza macho hapa kidogo, maana kisa hiki kimewatesa wengi. Logi itakuwa na maneno kama version `LIBVIRT_PRIVATE_ yakifuatiwa na namba ya toleo, halafu not found. Libvirt ina milango miwili: ile ya hadhara, ambayo waundaji wake huitunza isivunjike miaka yote, na ile ya faragha, inayotumiwa na libvirtd na draiva zake tu. Hii ya faragha hupigwa muhuri wa toleo. Libvirtd ya toleo moja haikubali maktaba ya toleo jingine hata zikipishana kwa hatua moja. Basi ujumbe huo unamaanisha nusu ya libvirt yako ni mpya na nusu ni ya zamani. Ama usasishaji ulikatika katikati, ama kuna aliyejenga libvirt kutoka kwenye msimbo wake akaiweka /usr/local, na sasa libvirtd ya mfumo inaokota maktaba ya huko. Tazama inaokota wapi:

    ldd "$(which libvirtd)" | grep libvirt

Ukiona /usr/local kwenye majibu, umempata mhalifu. Ondoa au hamisha mafaili yale, kisha sudo ldconfig. Kama yote yanatoka kwenye folda za mfumo, maliza usasishaji: dpkg --configure -a na apt full-upgrade kwa Debian na ndugu zake, dnf distro-sync kwa Fedora. Ndugu wa tatizo hili ni "Failed to load module" yenye jina la faili la draiva na maneno undefined symbol. Kifurushi cha draiva kimebaki nyuma ya kifurushi cha libvirtd, na dawa ni ileile.

Kuna mambo ambayo hayaiui libvirtd, ingawa ndiyo ya kwanza kutuhumiwa. Kukosekana kwa VT-x au AMD-V kwenye BIOS hakuizuii kuwaka, kutaifanya tu mashine zako ziende kwa mwendo wa kinyonga au zikatae kuwaka. Dnsmasq kushindwa kufungua 192.168.122.1 kwa sababu huduma nyingine ya DNS imeshika poti 53 huuangusha mtandao wa default, msimamizi hubaki amesimama. Na "Permission denied" kwenye soketi maana yake wewe humo kwenye kundi la libvirt. Faili la XML lililoharibika kwa kawaida hurukwa, na dalili yake ni mashine moja kutoonekana kwenye orodha.

Kuuawa na kukwama

Status=9/KILL ni kwamba kuna aliyeiua kutoka nje. Mara nyingi ni kerneli yenyewe, baada ya RAM kwisha. Thibitisha kwa journalctl -k -b | grep -i 'out of memory'. Kama mashine pepe zimegawiwa RAM karibu yote ya seva, msimamizi hana pa kukanyaga, na suluhisho liko kwenye hesabu za RAM, libvirt haihusiki.

Kukwama ni jambo jingine, na hapa kwetu linakuja pamoja na umeme. Umeme umekatika, UPS imechoka, umeme umerudi. Seva ya mashine pepe imewaka haraka, lakini kifaa cha hifadhi cha NFS au iSCSI bado kinajikokota, au swichi iliyo katikati haijaamka. Libvirtd inawaka, inakuta hifadhi iliyopangiwa kuwashwa yenyewe, inajaribu kuifikia, inasubiri. Systemd nayo inasubiri taarifa kwamba huduma iko tayari. Muda ukiisha, kwa kawaida sekunde 90, inaandika "start operation timed out" na kuiua. Ukiiwasha tena baada ya chai inasimama vizuri, na hapo ndipo watu husema seva ina pepo.

Zilizopangiwa kuwashwa zenyewe zinajulikana kwa viungo vilivyoko kwenye folda tatu: /etc/libvirt/qemu/autostart, /etc/libvirt/qemu/networks/autostart na /etc/libvirt/storage/autostart. Hamisha kiungo cha hifadhi ya mbali, iwashe libvirtd, kisha ikisimama iwashe hifadhi kwa virsh pool-start. Dawa ya kudumu ni kuiambia systemd isubiri mtandao na hifadhi. Tumia sudo systemctl edit libvirtd, uandike chini ya [Unit] After=remote-fs.target network-online.target pamoja na Wants=network-online.target.

Kuanguka kwenyewe

Imebaki namna ya mwisho, nayo ndiyo crash halisi: status=11/SEGV au status=6/ABRT, pamoja na code=dumped au code=killed. Usichanganye hii 6 na ile ya juu, ile ilikuwa code=exited. Hapa libvirtd haikupata nafasi ya kuandika sababu, kwa hiyo, ikiwa ni SEGV, dalili itatoka kwa kerneli:

    journalctl -k -b | grep segfault

Usichuje kwa neno libvirtd. Nyuzi za ndani za libvirtd zina majina yake, na mstari unaoutafuta unaweza kuanza na daemon-init au nodedev-init. Soma mwisho wa mstari, baada ya neno in. Ikiandikwa libvirt_driver_qemu.so, imeanguka ikishughulikia mashine. Ikiwa libvirt_driver_nodedev.so, imeanguka ikikagua vifaa vya seva, basi kumbuka kama umechomeka kadi mpya. Ikiwa ni maktaba isiyo ya libvirt kabisa, kwa mfano ya hifadhi au ya usalama, angalia ilisasishwa lini. Maneno "segfault at 0" yanaonyesha programu imekwenda kusoma mahali patupu, na mara nyingi hilo ni kosa la waandishi wa msimbo, si lako.

Kabla ya kulitangaza kosa hilo, jaribu kitu kimoja kisicho na hatari. Libvirtd huuliza kila QEMU iliyosakinishwa inaweza nini, na majibu huyaweka kwenye hifadhi ya muda. Baada ya kusasisha QEMU, hifadhi hiyo inaweza kuleta vurugu. Ifute, itajengwa upya:

    sudo sh -c 'rm -f /var/cache/libvirt/qemu/capabilities/*.xml'

Usiguse /run/libvirt/qemu kwa namna hiyo. Mle ndimo libvirtd inamokumbuka mashine zinazoendeshwa. Ukisafisha humo wakati pgrep bado inaonyesha mashine, msimamizi ataamka akiamini zimezimwa. Atakayeziwasha tena ataifungulia diski moja QEMU mbili. QEMU ina kufuli lake dhidi ya jambo hilo tangu toleo la 2.10, lakini kufuli hilo halifanyi kazi kwenye kila aina ya hifadhi, nawe hutaki kujua kama lako linafanya kazi kwa njia hiyo.

Ikiendelea kuanguka, omba picha ya kumbukumbu yake:

    coredumpctl list
    sudo coredumpctl gdb libvirtd

Ndani ya gdb andika thread apply all bt full. Bila alama za utatuzi utaona maswali matupu, kwa hiyo kubali gdb inapojitolea kuzipakua kupitia debuginfod, au sakinisha vifurushi vya dbgsym ama debuginfo. Huhitaji kuwa mwandishi wa lugha ya C. Tafuta uzi ulioanguka na usome majina ya kazi kutoka juu kwenda chini. Ukiona qemuProcessReconnect, libvirtd inaanguka ikijaribu kujiunga tena na mashine fulani iliyo hai, na mara nyingi jina la mashine hiyo limo kwenye mistari ya jirani. Iingie mashine hiyo kwa SSH, izime kwa utaratibu kutoka ndani, jaribu tena.

Ukitaka maneno zaidi ya yale ya kawaida, ongeza haya kwenye /etc/libvirt/libvirtd.conf:

    log_filters="1:qemu 1:libvirt 4:object 4:json 4:event 1:util"
    log_outputs="1:file:/var/log/libvirt/libvirtd.log"

Ondoa mistari hiyo ukishamaliza, maana faili hilo hunenepa haraka. Wengine hupendelea kusimamisha huduma na soketi zake, kisha kuiendesha kwa mkono kwa sudo libvirtd --verbose. Inafaa, ila kwenye mfumo wenye SELinux huduma iliyowashwa kwa mkono haina vizuizi vilevile vya ile iliyowashwa na systemd. Ikisimama kwa mkono na kufa chini ya systemd, nenda moja kwa moja kwenye ausearch -m avc -ts recent. Kwenye Ubuntu, tafuta DENIED kwenye logi za kerneli. Mafaili yaliyorudishwa kutoka kwenye bakapu mara nyingi hukosa alama za SELinux, na restorecon -Rv /etc/libvirt /var/lib/libvirt huzirudisha.

Kama ni kosa la msimbo, peleka taarifa kwa watunzaji wa vifurushi vya mfumo wako, au kwa mradi wenyewe kwenye GitLab. Ambatisha mfuatano wa gdb, toleo la libvirt na la QEMU, na XML ya mashine iliyohusika ukiwa umeondoa nywila za VNC. Wakati ukisubiri, rudisha toleo lililokuwa likifanya kazi, libvirt na vifurushi vyake vyote kwa pamoja, usije ukarudi kule kwenye LIBVIRT_PRIVATE.

Ukishaondoa chanzo cha tatizo, kumbuka systemd bado ina hasira:

    sudo systemctl reset-failed libvirtd
    sudo systemctl start libvirtd
    virsh -c qemu:///system list --all

Chukua sasa ile orodha ya pgrep uliyoinakili na uilinganishe na hii. Mashine iliyomo kwenye zote mbili imepokelewa. Iliyomo kwenye pgrep huku virsh ikisema shut off, usiiwashe: ingia ndani yake kwa SSH au RDP, izime kutoka humo, subiri mchakato wake upotee kwenye pgrep, ndipo uandike virsh start.